Je, Wajua? Mpira wa Kimo cha Mtoto

Je, wajua kuwa kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale mkoani Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto walizikwa na vyungu vya kimo chao? Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walianza kufukua makaburi ya kale ya mahali hapo, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaja kuendeleza kazi. Makaburi ya enzi waliyoipa jina la ziwa hilo, ambayo yana umri wa miaka 700 na zaidi, yalijaa vyombo vya udongo. Katika makaburi ya watoto vyombo hivyo vilikuwa vidogo kuliko vya watu wazima. Mfinyanzi alikaa chini akamfinyangia mtoto chungu cha kadiri yake.

Chungu kidogo, lakini chungu kizima: kina mdomo, kina tumbo, kina kitako. Hakuna aliyempa mtoto kigae akamwambia asubiri akue ndipo apewe kilichobaki. Lishike hilo, msomaji, maana leo safu hii inahusu kipindi cha michezo shuleni, na huko vigae vimegawiwa sana.

Je, wajua hesabu ya kipindi hicho? Watoto 60, mpira 1, dakika 45. Wamepanga mstari, kila mmoja apige mara moja akimbilie nyuma. Gawanya: kila mtoto anapata sekunde 45 za mpira, na hapo hakuna aliyegombana wala mpira haukuangukia kwa jirani. Darasa la watoto 60 si utani wa mwandishi. Elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure nchini Kongo mwaka 2019, madawati yalijaa kupita kiasi, na si mjini Kamina, Haut-Lomami, peke yake.

Katika shule niliyosoma mimi, ambayo nitaisitiri, tulifundishwa pasi ya kifua muhula mzima. Viwiko ndani, vidole nyuma ya mpira, hatua moja mbele. Mechi ilikuwa ya "muda ukibaki". Muda haukubaki hata siku moja. Nilimaliza shule nikiwa fundi wa pasi ya kifua nisiyejua nimpasie nani.

Je, wajua kuwa mpira wa kikapu ulizaliwa kutokana na kipindi cha michezo kilichochosha? Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani, James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na jimnastiki ya ndani wakati wa baridi. Mkuu wake alimpa siku 14 abuni kitu. Akaomba masanduku, akaletewa vikapu vya matunda, akavipigilia kwenye roshani ya ukumbi, akabandika kanuni 13 ukutani. Kisha akawaacha wacheze, tisa kwa tisa. Wachezaji hao wa kwanza hawakufundishwa pasi wala kudundisha mpira, kwa sababu hakukuwa na wa kuwafundisha. Walianza na mchezo wenyewe.

Je, wajua ni lini wataalamu walikiri jambo hilo kwa maandishi? Mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha makala fupi kuhusu kufundisha michezo katika shule za sekondari. Malalamiko yao yangeweza kuandikwa Kamina au Kondoa, Tanzania. Wanafunzi wengi wanaondoka shuleni hawajui mchezo wowote vizuri. Wachache wanaojua kupiga mpira hawajui wakati wa kuupiga, na kila mmoja anamtazama mwalimu amwambie la kufanya. Basi wakapindua mpangilio. Kwanza mchezo, uliopunguzwa ukubwa. Kisha mtoto aelewe kanuni zake na ni mchezo wa namna gani. Kisha aone mbinu: nafasi iko wapi, mpinzani anataka nini. Kisha aamue. Ufundi wa mguu na mkono unakuja baada ya hapo, mtoto anapouona upungufu wake mwenyewe na kuuliza, "Mwalimu, mbona mpira wangu haufiki?"

Swali hilo ndilo mlango. Mwalimu wa mtindo wa zamani hulijibu mwezi mmoja kabla halijaulizwa.

Kupunguza mchezo si kazi ya kukata tu, kuna ufundi wake. Ukitaka watoto wagundue kwamba katika badminton adui husumbuliwa kwa kupelekwa mbele na kurudishwa nyuma, wape kiwanja chembamba na kirefu. Pembeni hakuna nafasi, kwa hiyo macho yanaona mbele na nyuma tu. Hujasema neno, kiwanja kimekusemea.

Je, wajua kuwa tangu mwaka 2012 kanuni za tenisi duniani zinakataza mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini kutumia mpira wa kawaida wa manjano? Wanatumia mipira mipole inayodunda taratibu, ya rangi nyekundu, chungwa au kijani, na viwanja vinavyolingana na umri. Katika kikapu cha watoto ringi huwa mita 2.60 kutoka ardhini badala ya 3.05. Wafinyanzi wa Sanga wangeuliza mbona mmechelewa.

Na watoto wenyewe? Wao hawakumngoja mtu. Tazama mpira wa kuunda unavyotengenezwa. Nguo kuukuu inakunjwa iwe ngumi, juu yake mifuko ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukivutwa na kufungwa fundo upande wa pili ili kisitokee kichogo. Mwisho unasukwa kamba za katani au vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli. Wakenya huuita mpira wa juala. Haudundi. Ukidondoka umedondoka, unabaki karibu na mguu, na mguu mdogo unaumudu. Mpira wa dukani, ukipigwa kwenye ardhi kavu ya Katanga wakati wa kiangazi, hurukia kichwani mwa mtoto wa miaka 7 na kumkimbia. Sisemi shule ziache kununua mipira, nasema wa kuunda usitupwe mlangoni.

Wachezaji ni wanne kwa wanne, magoli ni mawe mawili, hakuna kipa, hakuna kuotea. Dar es Salaam mchezo huo huitwa chandimu. Katika chandimu hakuna aliyepanga mstari.

Je, wajua kuwa michezo yote ya mpira, pamoja na wingi wa majina yake, hugawanywa na watafiti katika koo nne? Kuna ya kuvamia eneo la mwenzio: mpira wa miguu, kikapu, mikono, raga. Kuna ya wavu au ukuta: wavu, tenisi, badminton. Kuna ya kupiga na kukimbia, kama kriketi na besiboli. Na kuna ya shabaha, ambayo ndiyo ukoo wa gololi. Mgawanyo huu ulienezwa na Len Almond, naye wa Loughborough, katika miaka ya 1980. Faida yake ni kwamba akili ya mchezo mmoja hutembelea ndugu zake. Aliyejifunza kutafuta nafasi isiyo na mtu katika mpira wa miguu hafiki kwenye kikapu akiwa mgeni kabisa.

Ushahidi wa hilo una urefu wa zaidi ya mita mbili. Je, wajua ni nani wawili waliozuia mipira mingi kuliko wote katika takwimu rasmi za ligi ya kikapu ya Marekani, NBA? Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon wa Lagos, 3,830. Wa pili ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, 3,289. Wote Waafrika, na wote waliufikia mpira wa kikapu wakiwa vijana wa sekondari, si watoto. Olajuwon alicheza mpira wa mikono na alikuwa kipa wa mpira wa miguu, na Mutombo naye alitokea kwenye mpira wa miguu. Walikuja wakijua tayari kusoma mwili wa mtu anayejiandaa kupiga. Mutombo alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa nia ya kusomea udaktari.

Je, wajua jaribio la vifuko? Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliwachukua watoto wa miaka 8 watupe vifuko vilivyojazwa punje kwenye shabaha. Kundi moja lilijizoeza kwa wiki 12 kutoka futi 3 tu. Kundi la pili lilijizoeza kutoka futi 2 na futi 4, halikugusa futi 3. Siku ya mtihani wote wakapimwa kwa futi 3. Ungeweka dau kwa kundi gani?

Ulipoteza dau lako kama mimi. Waliofanya vizuri ni wale ambao hawajawahi kutupa kutoka umbali huo.

Jingine la aina hiyo: mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill waliwafundisha wanawake wanafunzi aina tatu za kuanzisha mpira katika badminton. Baadhi walirudia aina moja mpaka ikakolea kabla ya kwenda nyingine, wengine walichanganyiwa bila mpangilio. Baadaye walipopimwa upya, na hata walipohamishiwa upande mwingine wa kiwanja, waliochanganyiwa ndio waliokuwa bora. Mazoezi yanayopendeza kuyatazama, ya mstari ulionyooka na harakati zinazofanana, ndiyo yanayosahaulika upesi. Mkaguzi akija huyapa alama nzuri.

Je, wajua kipi hutangulia kukua kwa mtoto anayecheza, mguu au akili? Karen French na Jerry Thomas walifuatilia watoto wa miaka 8 hadi 12 wa Marekani kwa msimu mzima wa kikapu na kuchapisha matokeo mwaka 1987. Watoto waliongeza ujuzi wa mchezo na walifanya uamuzi bora zaidi uwanjani, wakati ufundi wao wa kudundisha na kutupa mpira ulikuwa bado unajikokota. Mtoto anajua ampasie nani kabla mkono wake haujaweza kumfikishia. Ukimpima kwa mkono tu utamwita mjinga.

Hapo namkumbuka mtoto wa Lubumbashi aliyeitwa mjinga na dunia nzima. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Zaire, ndiyo Kongo ya Kinshasa ya leo, ilicheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Ilikuwa nchi ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika huko. Brazil wakapata mpira wa adhabu karibu na boksi. Filimbi ikalia, na kabla Mbrazili hajaugusa mpira, beki Mwepu Ilunga akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Refa akampa kadi ya njano. Watangazaji walicheka: Mwafrika hajui kanuni! Kipande hicho cha filamu kimechekwa kwa miongo. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba kanuni alizijua barabara. Alifanya makusudi, kwa hasira, kwa sababu wachezaji hawakulipwa ilhali wakubwa walikuwa jukwaani wakila raha. Wachezaji wa timu yake, TP Mazembe, wakati huo ikiitwa Englebert, walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Mtu wa timu ile asijue frikiki?

Alimradi uelewa wa mchezo hauonekani kwa macho. Inabidi umuulize mchezaji.

Na kuna mtafiti aliyefanya hivyo kwa unyenyekevu wa ajabu. Je, wajua kuwa Jean Piaget, mwanasaikolojia mashuhuri wa Uswisi, alijifunza gololi mtaani? Katika miaka ya kuelekea kitabu chake cha 1932, alichuchumaa na wavulana wa Geneva na Neuchâtel, akawapa gololi na chaki, akajifanya amesahau jinsi ya kucheza. Nifundisheni. Wakamfundisha. Akaona kwamba watoto wadogo huamini kanuni zimeshuka kutoka juu na hazibadilishiki, huku wakizivunja kila dakika bila kujua. Wakubwa kidogo, wa miaka 11 au 12, wanajua kanuni ni mapatano: tukikubaliana sote, tunazibadili. Hilo la pili linahitaji mtoto aliyeachwa agombane na wenzake kuhusu gololi iliyogusa mstari. Penye refa mtu mzima kila wakati, mtoto hujifunza kulalamika kwa refa.

Katanga ilikuwa na mtu wake. Je, wajua kuwa mwaka 1963 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilichapishwa kitabu kinene cha Th. H. Centner kuhusu mtoto wa Kiafrika na michezo yake katika maisha ya jadi ya Katanga? Mkoa ulikuwa ndio kwanza umetoka katika vita vya kujitenga, vilivyokwisha Januari mwaka huohuo, na kituo cha utafiti cha CEPSI kilikuwa kinachapisha kanuni za michezo ya watoto. Kwangu mimi hiyo ni akiba kuliko nyaraka nyingi za wanasiasa wa miaka ile. Mwalimu wa Kamina anayetafuta michezo ya kufundishia hana haja ya kuanzia Ulaya. Imeandikwa, na iliandikwa hapo kwao.

Mmojawapo wa michezo ya Waluba, wenyeji wa Katanga, ni kisolo, ndugu yake bao. Mara nyingi ubao wake una safu 4 za mashimo 7, wakati bao la Waswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao, akitafuta mipaka ya akili zao katika kukumbuka na kupiga hesabu ya kete. Sasa muulize fundi yeyote wa barazani ni nani aliyemkalisha akamfundisha namua na mtaji, hatua mbili za mchezo huo. Atakuambia alikuwa akitazama. Alitazama, akadakia, akafukuzwa, akarudi kutazama, siku moja mchezaji mmoja akaenda kuswali naye akakaa kwenye nafasi yake.

Je, wajua nzango? Ni mchezo wa wasichana wa nchi zote mbili za Kongo. Wawili wanaelekeana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mbele. Mmoja anapata pointi miguu ikilingana, mwenziwe isipolingana. Kwa miaka mingi wakubwa waliuona ni rukaruka za wakati wa mapumziko. Kisha ukaandikiwa kanuni, timu za watu 11, na mwaka 2015 ukachezwa katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville. Ufundishaji wake haukuwahi kuhitaji mpira, jezi wala fedha ya wizara. Shangazi anamfundisha mpwa, dada mkubwa anamfundisha mdogo, na wimbo ndio unaohesabu.

Tukirudi kwa wale watoto 60: Je, wajua kuwa Mfaransa Jean-Francis Gréhaigne na wenzake Paul Godbout na Daniel Bouthier waliwapa kazi wanaongoja zamu? Mwaka 1997 walichapisha namna ya kupima mchezaji wa timu kwa kalamu na karatasi. Mtoto mmoja anamwangalia mwenzake mmoja na kuweka alama: amepokea mpira, amepokonya, amepoteza, ametoa pasi iliyomtisha adui, amelenga goli. Wanaojumlisha hizo alama ni watoto wenyewe. Halafu mchezo unasimamishwa, timu inakaa kwenye duara, wanajadiliana: kwa nini tunapoteza mipira upande wa kushoto? Kisha wanarudi uwanjani kujaribu walichokubaliana. Kwa walimu wa Haut-Lomami hii ina nafuu moja zaidi, kwamba maandishi yake ya Kifaransa yapo, na Kifaransa ndicho walichosomea ualimu.

Faida iliyojificha ni ya yule mtoto asiyechaguliwa kamwe. Mtoto wa pembeni, mwenye karatasi, ndiye pekee anayejua kwamba nyota wa darasa amepoteza mipira 9.

Je, wajua kwa nini wengine hawachaguliwi? Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake wa Kanada walikagua tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki ya barafu na kukuta waliozaliwa Januari hadi Machi wamezidi mno. Mwaka wa usajili huko huanza Januari 1. Aliyezaliwa Januari ana miezi 11 zaidi ya wa Desemba, na akiwa na miaka 9 hiyo ni nguvu nyingi. Kocha anaona kipaji, kumbe anaona siku ya kuzaliwa. Katika darasa ambalo mmoja ana miaka 9 na jirani yake ana 13 kwa kuwa karo ilikosekana, sijui tuseme nini kuhusu vipaji.

La mwisho ni la kisheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, iliuridhia mwaka 1990, sawa na Kenya. Tanzania ilifuata mwaka 1991.

Nawe, msomaji, una mchezo wa kwenu ambao hujawahi kuuona kitabuni. Chukua karatasi leo: unaitwaje, wanacheza wangapi, unaanzaje, mtu anatolewaje, na mkigombana nani anaamua. Usipoandika sentensi ya mwisho hiyo, hujaandika mchezo. Kisha mpe mwalimu wa shule iliyo karibu nawe, umwambie ajaribu Jumatatu.